Ultrasaundi ya Ndani ya Puru katika Utambuzi na Upangaji wa Hatua za Saratani: Uwezo, Mipaka na Maana Yake kwa Sera za Afya Afrika Mashariki

Ikisiri

Namna mgonjwa wa saratani ya puru atakavyotibiwa hutegemea kwanza kina ambacho uvimbe umefikia katika ukuta wa kiungo hicho. Makala haya yanaeleza jinsi ultrasaundi inayofanywa kutoka ndani ya puru inavyopima kina hicho, jinsi picha zake zinavyosomwa, na pale ambapo kipimo hiki hushindwa. Yanaonyesha kwamba usahihi unaoripotiwa katika tafiti za vituo bingwa ni mkubwa kuliko ule unaopatikana katika huduma za kila siku, na kwamba idadi ya wagonjwa wanaopimwa na kituo kimoja kwa mwaka inahusiana na usahihi huo. Kwa msingi huo, makala yanatoa hoja kwamba swali la kisera kwa nchi za Afrika Mashariki si kununua mashine tu, bali ni kuamua ziwekwe wapi, zitumiwe na nani, na majibu yake yahakikiwe vipi.

Istilahi muhimu: ultrasaundi, saratani ya puru, upangaji wa hatua, tibamionzi, sera ya afya

1.0 Utangulizi

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa takribani sentimita 15 kutoka ukingo wa njia ya haja kubwa kwenda juu. Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu takribani 730,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya sehemu hiyo katika mwaka mmoja. Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa nchi zilizoendelea kiviwanda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, alitoa hoja mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana na puru ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu mlo wao ulikuwa na nyuzinyuzi nyingi. Hoja hiyo ilichochea utafiti mkubwa kuhusu lishe. Hata hivyo, mlo, makazi na umri wa kuishi vimebadilika tangu wakati huo, na ugonjwa uliokuwa adimu sasa ni sehemu ya kazi ya kawaida ya madaktari wa upasuaji katika miji ya ukanda huu.

Athari moja ya kuuona ugonjwa kuwa wa wengine ni kuchelewa kuufikiria. Mtu anayetoa damu pamoja na choo huweza kutibiwa bawasiri, amiba au kichocho cha tumbo kwa miezi kadhaa, hasa katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria na Ziwa Albert ambako kichocho cha tumbo ni cha kawaida. Anapofika hospitali yenye uwezo wa kumpasua, swali si tena kama ana ugonjwa tu, bali ugonjwa umefika wapi. Jibu la swali hilo ndilo huamua kama atapasuliwa moja kwa moja, atapewa tibamionzi kwanza, au ataondolewa uvimbe mdogo kupitia njia ya haja kubwa bila kufunguliwa tumbo.

Makala haya yanachunguza kipimo kimoja kinachotumika kutoa jibu hilo, yaani ultrasaundi inayofanywa kwa kuingiza probu ndani ya puru. Sehemu ya pili inaeleza kwa nini kina cha uvimbe kina uzito mkubwa. Sehemu ya tatu na ya nne zinaeleza jinsi picha inavyopatikana na kusomwa. Sehemu ya tano na ya sita zinajadili mipaka na usahihi wa kipimo. Sehemu ya saba inakilinganisha na vipimo vingine, na ya nane inahusisha hoja hizo na mazingira ya Afrika Mashariki.

2.0 Kina cha Uvimbe na Uamuzi wa Tiba

Ukuta wa puru una matabaka. La ndani kabisa ni utandoute. Chini yake kuna tabaka laini lenye mishipa ya damu na ya limfu, kisha tabaka nene la misuli. Nje ya misuli kuna mafuta yaliyofungwa ndani ya utando mwembamba, na ndani ya mafuta hayo ndimo zilimo tezi za limfu zinazohusika na puru. Saratani huanzia kwenye utandoute na kupenya kuelekea nje.

Mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua hutumia herufi T kwa kina cha uvimbe, N kwa tezi za limfu na M kwa kuenea kwa saratani katika viungo vya mbali. Uvimbe wa T1 haujavuka tabaka lililo chini ya utandoute. Wa T2 umeingia kwenye misuli lakini haujaivuka. Wa T3 umevuka misuli na kuingia kwenye mafuta. Wa T4 umefikia viungo jirani kama tezidume, uke au kibofu cha mkojo, au umetoboa utando wa fumbatio.

Mstari muhimu zaidi katika mpangilio huo ni ule kati ya T2 na T3. Uvimbe uliobaki ndani ya ukuta, bila tezi zilizoathirika, kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji peke yake. Uliovuka ukuta una uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi ndani ya nyonga baada ya upasuaji, na marudio hayo huleta maumivu makali na ni magumu kutibu. Mambo mawili yamepunguza marudio hayo. La kwanza ni mbinu ya upasuaji iliyoenezwa na Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo puru huondolewa pamoja na kifuko chote cha mafuta kinachoizunguka kikiwa hakijachanika. La pili ni tibamionzi kabla ya upasuaji. Katika jaribio la Uswidi lililochapishwa mwaka 1997, marudio ya ndani ya nyonga katika miaka mitano yalikuwa asilimia 11 kwa waliopewa mionzi kwanza na asilimia 27 kwa waliopasuliwa tu. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2004, lililolinganisha mionzi pamoja na dawa za saratani kabla na baada ya upasuaji, lilipata marudio ya asilimia 6 kwa waliotibiwa kabla na asilimia 13 kwa waliotibiwa baada.

Tibamionzi ina gharama zake kwa mwili. Inaweza kuharibu uwezo wa kuzuia haja kubwa, nguvu za tendo la ndoa na uwezo wa kuzaa. Kwa hiyo kosa la upimaji lina pande mbili. Uvimbe ukikadiriwa kuwa mdogo kuliko ulivyo, mgonjwa hukosa kinga dhidi ya marudio. Ukikadiriwa kuwa mkubwa kuliko ulivyo, mgonjwa huunguzwa na mionzi ambayo hakuihitaji. Jaribio la Ujerumani lenyewe lilidhihirisha upande huu wa pili. Wagonjwa wake walichaguliwa kwa kutumia, miongoni mwa vipimo vingine, ultrasaundi ya ndani ya puru. Lakini katika kundi lililopasuliwa kwanza, asilimia 18 walikutwa maabara wakiwa na ugonjwa wa hatua ya kwanza ambao haukustahili mionzi.

3.0 Jinsi Picha Inavyopatikana

Wazo la kupima puru kwa mawimbi ya sauti kutokea ndani lilianza miaka ya 1950 nchini Marekani, pale John Wild na John Reid walipotengeneza probu ya kuingizwa ndani ya mwili. Kipimo kilipata matumizi mapana katika miaka ya 1980, baada ya kupatikana probu zinazozunguka na kutoa picha ya mduara mzima wa nyuzi 360. Mwaka 1985 Hildebrandt na Feifel walipendekeza namna ya kuandika hatua inayotokana na kipimo hiki kwa kuweka herufi ndogo u mbele ya T, kama vile uT2. Herufi hiyo humkumbusha msomaji wa ripoti kwamba hatua hiyo ni makadirio ya ultrasaundi na haijathibitishwa na maabara ya patholojia.

Utaratibu wenyewe ni mfupi na kwa kawaida hauhitaji dawa ya usingizi. Mgonjwa husafishwa sehemu ya chini ya utumbo kwa enema, kwa sababu mabaki ya choo na hewa huvuruga mawimbi. Hulala kwa ubavu wa kushoto akiwa amekunja magoti. Daktari huanza kwa kupima kwa kidole ili ajue uvimbe uko umbali gani kutoka ukingo wa njia ya haja kubwa, uko upande gani, na kama unasogea au umegandamana na viungo vya jirani. Kisha probu iliyofunikwa kwa puto lenye maji huingizwa hadi juu ya uvimbe. Maji hujaza nafasi kati ya probu na ukuta wa puru, kwa kuwa mawimbi ya sauti ya kiwango hiki hupita vizuri kwenye maji lakini hurudishwa na hewa. Probu huvutwa polepole kurudi nje huku picha zikichukuliwa hatua kwa hatua.

Masafa yanayotumika mara nyingi ni kati ya megahezi 5 na 10, na baadhi ya probu za sasa huzidi hapo. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo picha ya matabaka ya karibu inavyokuwa kali, na ndivyo uwezo wa kuona mbali unavyopungua. Sharti hili la kifizikia ndilo chanzo cha nguvu na udhaifu wa kipimo hiki: huona ukuta kwa undani usiofikiwa kirahisi na vipimo vingine, lakini huona machache yaliyo mbali na ukuta huo.

4.0 Kusoma Matabaka Matano

Ukuta wa puru usio na ugonjwa huonekana kwenye skrini kama duara la mistari mitano inayopishana rangi, kuanzia katikati kwenda nje: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Mweupe wa kwanza ni mpaka kati ya puto na uso wa utandoute. Mweusi wa kwanza ni utandoute wenyewe. Mweupe wa katikati ni tabaka lililo chini ya utandoute. Mweusi wa pili ni misuli. Mweupe wa mwisho ni mpaka kati ya misuli na mafuta ya nje. Uvimbe huonekana kama eneo jeusi linalovuruga mpangilio huo, na kazi ya msomaji ni kuamua ni mstari upi uliovunjika.

Mstari mweupe wa katikati ukiwa mzima bila dosari chini ya uvimbe, uvimbe huo huitwa uT0, na huenda ni uvimbe ambao bado haujapenya. Ukiwa umepoteza unyoofu wake lakini haujakatika kabisa, ni uT1. Ukikatika, na mstari mweusi wa misuli ukawa mnene huku mweupe wa nje ukibaki mzima, ni uT2. Mstari mweupe wa nje ukivunjika na uvimbe ukatoa vidole vyeusi vinavyoingia kwenye mafuta, ni uT3. Mpaka kati ya uvimbe na kiungo jirani ukipotea, ni uT4.

Tezi za limfu ni ngumu zaidi kuamua. Tezi ya mviringo, nyeusi, yenye mipaka dhahiri na kipenyo kinachozidi milimita 5 hutiliwa shaka. Hata hivyo, tezi huvimba pia kwa sababu ya uambukizo, na tezi nyingi zenye saratani ni ndogo kuliko milimita 5. Kwa hiyo ukubwa peke yake haupaswi kuwa kigezo cha mwisho.

5.0 Mambo Ambayo Kipimo Hiki Hakifanyi

Ni lazima utambuzi wa saratani utenganishwe na upangaji wa hatua zake. Ultrasaundi huonyesha kwamba kuna uvimbe na kwamba umefika mahali fulani. Haisemi uvimbe huo ni wa nini. Kichocho, kifua kikuu cha utumbo na amiba vinaweza kuleta uvimbe au unene wa ukuta unaofanana na saratani. Utambuzi hutolewa na kinyama kilichokatwa na kuchunguzwa chini ya hadubini. Mchango wa ultrasaundi katika utambuzi ni wa kuelekeza: pale uvimbe mkubwa unapodhaniwa kuwa haujapenya, picha inaweza kuonyesha sehemu iliyokwisha kuingia ndani, na hivyo kumzuia daktari asiridhike na jibu la kinyama kilichokatwa juujuu.

Mpangilio wa vipimo nao una uzito. Kukata kinyama huacha damu na uvimbe wa muda katika ukuta, navyo huonekana vyeusi kama saratani. Pale inapowezekana, ultrasaundi hufanywa kabla ya kinyama kukatwa au baada ya kidonda kupona. Vivyo hivyo, baada ya tibamionzi ukuta hujaa kovu, na kipimo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutofautisha kovu na saratani iliyobaki. Ripoti iliyofanywa baada ya mionzi haiwezi kusomwa kama ile ya kabla.

Zipo pia hali ambazo probu haifai. Uvimbe ulioziba njia haupitishi probu, na kulazimisha kunaweza kuleta maumivu, damu au tundu katika ukuta. Uvimbe ulio juu sana ni mgumu kufikiwa kwa probu ngumu. Uwekundu na unene wa kawaida unaozunguka uvimbe wa T2 huweza kuufanya uonekane kama T3. Hilo ndilo kosa linalotajwa zaidi katika maandishi ya kitaalamu, na ndilo linalompeleka mgonjwa kwenye mionzi asiyoihitaji.

6.0 Usahihi: Takwimu za Vituo Bingwa na za Kila Siku

Uchambuzi wa Puli na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 ulikusanya tafiti 42 zenye wagonjwa 5,039. Ulitumia vipimo viwili: unyeti, yaani asilimia ya wenye hali fulani ambao kipimo kiliwatambua, na umahususi, yaani asilimia ya wasio na hali hiyo ambao kipimo kiliwaondoa kwa usahihi. Kwa T1 unyeti ulikuwa asilimia 87.8 na umahususi 98.3. Kwa T2 ulikuwa 80.5 na 95.6. Kwa T3 ulikuwa 96.4 na 90.6. Kwa T4 ulikuwa 95.4 na 98.3. Hatua ya T2, iliyo kandokando ya mstari wa uamuzi, ndiyo yenye unyeti mdogo kuliko zote.

Kwa tezi za limfu, uchambuzi mwingine wa watafiti hao ulipata unyeti wa asilimia 73.2 na umahususi wa asilimia 75.8. Maana yake kwa lugha ya kliniki ni kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye tezi zilizoathirika, takribani 27 wataambiwa hawana, na kati ya 100 wasio nazo, takribani 24 wataambiwa wanazo. Jibu la namna hiyo linafaa kuongezwa kwenye ushahidi mwingine. Halifai kuwa msingi pekee wa uamuzi.

Takwimu hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na vituo vyenye watafiti waliobobea. Utafiti wa Marusch na wenzake wa mwaka 2011 ulitazama hospitali za kawaida za Ujerumani. Ulichunguza wagonjwa 7,096 waliopimwa kwa ultrasaundi kisha wakapasuliwa bila tibamionzi ya awali, na kulinganisha uT na hatua iliyothibitishwa na patholojia. Hatua hizo mbili zililingana kwa asilimia 64.7 tu. Asilimia 18 walikadiriwa chini ya ukweli na asilimia 17.3 juu yake. Katika hospitali zilizopima wagonjwa wasiozidi 10 kwa mwaka, ulinganifu ulikuwa asilimia 63.2. Katika zile zilizopima zaidi ya 30, ulikuwa asilimia 73.1.

Takwimu za aina hizi mbili hazipingani. Za kwanza zinaonyesha kile ambacho kipimo kinaweza kufanya kikiwa katika mikono iliyozoea. Za pili zinaonyesha kile kinachotokea kikisambazwa bila sharti la uzoefu. Ikumbukwe kwamba Ujerumani ni nchi yenye mashine nyingi na wataalamu wengi. Ikiwa huko mgonjwa mmoja kati ya watatu alipewa hatua isiyo yake, hakuna sababu ya kutarajia matokeo bora zaidi mahali ambapo mashine imepokelewa bila mafunzo.

7.0 Ultrasaundi, CT na MRI

Kipimo cha CT hufaa kutafuta saratani iliyofika kwenye ini na mapafu, lakini hakitenganishi vizuri matabaka ya ukuta wa puru. Ultrasaundi ya kawaida ya tumbo nayo inaweza kuonyesha madoa kwenye ini pale ambapo CT haipatikani, ingawa madoa madogo yanaweza kuikwepa.

Kwa upande wa MRI, uchambuzi wa Bipat na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba katika kubaini kupenya kwa misuli, ultrasaundi ya ndani na MRI zilikuwa na unyeti unaofanana, asilimia 94, lakini umahususi wa ultrasaundi ulikuwa 86 dhidi ya 69 wa MRI. Kwa tezi za limfu hakuna kipimo kilichoonyesha ubora wa wazi. MRI, hata hivyo, huonyesha kitu ambacho ultrasaundi haikionyeshi kwa uhakika: utando wa nje wa kifuko cha mafuta, ambao ndio mpaka wa mkato wa daktari wa upasuaji. Utafiti wa MERCURY wa mwaka 2006 ulithibitisha kwamba MRI yenye ubora inaweza kutabiri kama mpaka huo utakuwa salama. Saratani ikifika milimita 1 au karibu zaidi na mpaka huo, hatari ya marudio hupanda.

Kwa sababu hiyo miongozo ya Ulaya huipa MRI nafasi ya kwanza katika upangaji wa hatua za saratani ya puru, na kuitaja ultrasaundi ya ndani kuwa na manufaa zaidi kwa uvimbe wa mapema, yaani T1 na T2. Mgawanyo huo wa kazi ni wa maana kwa nchi zenye MRI chache. Ultrasaundi haiwezi kujaza pengo la MRI kwa mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa uliogandamana na nyonga. Inaweza kumtambua yule mwenye uvimbe mdogo, ambaye hahitaji foleni ya MRI wala ya mionzi.

8.0 Maana Yake kwa Afrika Mashariki

Thamani ya kupanga hatua hutegemea tiba iliyopo baada ya jibu kutolewa. Historia ya karibuni ya tibamionzi katika ukanda huu inaonyesha jinsi nafasi hiyo ilivyo finyu. Mwaka 2016 mashine pekee ya tibamionzi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Rwanda ilifungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, lakini hadi huduma ya mionzi ilipoanza katika Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda mwaka 2019, wagonjwa waliohitaji tiba hiyo walipelekwa nje ya nchi. Katika mazingira hayo, kumkadiria mgonjwa juu ya hatua yake hakumdhuru yeye peke yake. Nafasi aliyoitumia bila kuihitaji ni nafasi aliyoikosa mwingine, pengine mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi ambaye mionzi ndiyo tegemeo lake kuu.

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mambo manne yanafaa kuzingatiwa na washauri wa sera.

Kwanza ni mahali pa kuweka huduma. Ikiwa usahihi unapanda pale kituo kinapopima zaidi ya wagonjwa 30 kwa mwaka, yaani watatu hivi kila mwezi, basi probu chache katika vituo vya rufaa vinavyopasua saratani ya puru zina faida kuliko probu nyingi katika hospitali za wilaya. Kazi ya hospitali ya wilaya ni nyingine, nayo haihitaji mashine: kupima kwa kidole kila mgonjwa anayetoa damu pamoja na choo, kukata kinyama, na kumpa rufaa mapema. Saratani nyingi za sehemu ya chini ya puru hufikiwa kwa kidole. Probu haiwezi kufidia kidole ambacho hakikutumika.

Pili ni uhakiki. Kila ripoti ya ultrasaundi ya mgonjwa aliyepasuliwa bila mionzi inaweza kulinganishwa na jibu la patholojia kwa daftari la kawaida lenye safu mbili. Baada ya mwaka mmoja kituo kitajua ni mara ngapi kimekosea na kimekosea upande gani. Daftari hilo halina gharama kubwa, lakini linadai kwamba maabara ya patholojia ipewe bajeti sambamba na ile ya mashine. Bila patholojia, mpimaji hana njia ya kujua makosa yake, na uzoefu wake utakuwa ni wa kuyarudia.

Tatu ni matengenezo na usafi. Probu huingizwa mwilini mwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Inahitaji vifuniko vya kutumika mara moja, dawa za kutakasa na mtumishi aliyefundishwa kuitunza. Gharama hizo hujirudia kila mwezi, na mkataba wa ununuzi usiozitaja huzalisha mashine inayokaa kabatini.

Nne ni ripoti yenye muundo mmoja. Taasisi ya Saratani ya Uganda hupokea wagonjwa kutoka Kongo, Sudan Kusini, Rwanda na Burundi, na mgonjwa anayevuka mpaka hubeba karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza kwa mtindo wa kila hospitali. Ripoti inayofaa hutaja umbali wa uvimbe kutoka ukingo wa njia ya haja kubwa, upande ulipo kwa mfano wa saa, mstari wa mwisho uliovunjika, tezi zilizoonekana, kama probu ilipita, na kama kinyama kilikuwa kimekatwa au mionzi imetolewa kabla. Pale mpimaji anaposita kati ya uT2 na uT3, ripoti iseme hivyo, kwa kuwa shaka iliyoandikwa humpa daktari wa upasuaji nafasi ya kutafuta ushahidi zaidi. Kiswahili, kikiwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinaweza kubeba muundo huo pamoja na maelezo ya ridhaa. Mgonjwa anayeelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba probu haitamwunguza, na kwamba jibu lake linaweza kumwepusha na mionzi au na kuishi na mfuko wa choo tumboni, ana sababu ya kukubali kipimo kinachogusa faragha yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ultrasaundi ya ndani ya puru hupima kina cha uvimbe kwa kusoma mistari mitano ya ukuta, na kwamba nguvu yake iko katika uvimbe wa mapema. Haithibitishi saratani, haioni kwa uhakika mpaka wa mkato, ina shaka kubwa kuhusu tezi za limfu, na hupoteza uwezo baada ya mionzi. Usahihi wake hutegemea sana mikono inayoitumia. Nchi inayonunua probu bila kukusanya wagonjwa katika vituo vichache, bila kufundisha wapimaji na bila kulinganisha majibu na patholojia, itapata picha nyingi na hatua zisizoaminika. Inayofanya hayo matatu itaweza kumwambia mgonjwa mmoja kwamba anahitaji mionzi, na mwingine kwamba haihitaji, na majibu yote mawili yakawa na msingi.